Distributa ya Volkswagen ya babu

Jumanne usiku, bwenini.

Poleni kwa ukimya. Najua wengine mmeshaanza kueneza kwamba nimeolewa kimya kimya. Hapana bwana. Nilikuwa Morogoro kwa bibi, nimeinamia injini ya gari siku mbili mfululizo mpaka kucha zote zikawa nyeusi, na jana kwenye semina mshikaji mmoja akaniuliza kama siku hizi nauza mkaa. Kwa hiyo leo silalamiki kuhusu bumu. Nataka kuwasimulia historia ya kitu kinachoitwa distributa. Mtasema huyu wa Historia na Kiswahili na mambo ya gereji wapi na wapi. Subirini kidogo.

Marehemu babu aliacha Volkswagen 1300 ya mwaka 1970, ile yenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Babu alikuwa ananiita mke wangu, na mke ndiye anayekaa siti ya mbele, wajukuu wengine wote nyuma. Alikuwa anajisifu kwamba gari kama lake liliwahi kushinda mbio za Safari, zile zilizokuwa zinakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zote nilidhani ni chumvi za wazee. Kumbe kweli: mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen ya aina hiyo. Babu, nisamehe.

Tangu afariki, gari limekaa chini ya mwembe. Mwezi uliopita baba mdogo alimleta fundi mmoja kutoka mjini. Fundi akaweka betri, petroli mpya, akapiga stata, injini ikawaka. Dakika kumi baadaye ikaanza kumisi, ikakohoa, ikazima, na haikuwaka tena. Hukumu ikatolewa hapo hapo: injini imekufa, uzeni chuma chakavu. Na mnunuzi eti anamjua yeye. Laki sita. Bibi anahitaji bati kabla ya masika, kwa hiyo baba mdogo akakubali mnunuzi aje Jumapili saa nne asubuhi. Mimi nikaambiwa Jumatano, kwa simu, kama mtu anayeambiwa matokeo ya mpira.

Sikuwa na hoja yoyote ya kifundi. Nilikuwa na swali moja tu: injini iliyokufa inawakaje kwanza dakika kumi ndipo ikumbuke kufa? Ijumaa nikapanda treni ya SGR, nikaenda.

Jirani wa bibi ni mzee aliyetengeneza magari ya namna hiyo miaka mingi. Siku hizi mikono inamtetemeka na macho yamechoka. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, mimi sishiki tena spana. Wewe shika, mimi nitasikiliza." Basi ndivyo tulivyofanya. Yeye amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi, mimi nimeingia kwenye injini.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana nami nilikuwa sijui. Injini ya petroli inahitaji cheche ndani ya kila silinda, kwa wakati wake. Betri ina volti 12 tu, na volti 12 haziruki hewani. Kwa hiyo kuna koili, yenye nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko mamia, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Ukipitisha umeme kwenye ule mnene halafu ukaukata ghafla, kwenye mwembamba zinazaliwa volti elfu kumi na zaidi. Sikilizeni vizuri: cheche haizaliwi umeme unapoingia, inazaliwa unapokatwa. Distributa inafanya kazi mbili. Chini inakata umeme kwa vidole viwili vidogo vya chuma, mafundi wanaviita pointi. Juu ina kijiti kinachozunguka, rota, ambacho kinaigawia kila plagi cheche yake kupitia kofia yenye nyaya nne. Injini hii ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 100 kila sekunde moja. Nilipopiga hesabu hiyo nikazionea huruma.

Mzee alianza na waya wa katikati, ule unaotoka kwenye koili kwenda kwenye kofia. Uchomoe, ushike kwa kibanio cha mbao cha kuanikia nguo, kikavu kabisa, ncha yake ikae kama nusu sentimita kutoka kwenye chuma cha injini, halafu mtu apige stata. Binamu yangu akapiga. Ikaruka cheche ya rangi ya machungwa, nyembamba, inasitasita. Mzee hakuiona, ila alisikia haina mlio. "Cheche nzima ni ya bluu, na inalia kama kijiti kinachovunjika. Hiyo ina njaa." Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye pistoni. Uko kwenye moto, kama mafundi wanavyouita umeme wa gari. Nilitamani yule fundi wa mjini angekuwepo.

Sasa hapa ndipo historia iliponikamata. Usiku ule, bando lilipokubali, nikaanza kusoma kila kipande kilitoka wapi, na nikagundua kwamba kila kipande kiliwekwa kutibu ugonjwa wa kipande kilichotangulia. Anayetafuta hitilafu kwenye distributa, anagusa karne moja na nusu kwa bisibisi.

Koili ni ya zamani kuliko gari. Mwaka 1836 padri mmoja wa Ireland, Nicholas Callan, mwalimu wa sayansi pale Maynooth, alitengeneza koili ya namna hii. (Mwalimu, mnaona? Nawaambia kila siku walimu ndio wanaanzisha mambo.) Heinrich Ruhmkorff, Mjerumani aliyekuwa na karakana Paris, akaiboresha na kuisajili mwaka 1851. Étienne Lenoir akaitumia mwaka 1860 kuwashia injini yake ya gesi. Karl Benz naye, gari lake la mwaka 1886 lilikuwa na betri na koili yenye ulimi unaotetemeka: unakata na kuunga, unakata na kuunga, zzzzz, kama nyuki. Hiyo ilikuwa mvua ya cheche, haijulikani ipi hasa ndiyo inawasha. Halafu betri za siku zile ukizimaliza ndiyo basi, hakuna cha kuzichaji njiani. Ndiyo maana kampuni ya Bosch kule Stuttgart ilipata soko kubwa na magneto, mashine inayojizalishia umeme yenyewe bila betri. Mwaka 1902 mhandisi wao Gottlob Honold akatoa ya volti kubwa pamoja na plagi yake.

Ford Model T, iliyoanza 1908, ilikuwa na njia yake. Kila silinda na koili yake: visanduku vinne vya mbao mbele ya dereva, kila kimoja na ulimi wake unaotetemeka. Kimoja kikilegea, silinda moja inalala. Ukirekebisha hicho, kingine kinalegea. Ni kama kugawana sufuria nne na majiko manne ili kupika wali mmoja.

Aliyepanga upya haya ni Charles Kettering, kijana wa Ohio aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za madukani, pale Dayton. Jioni alikuwa anakwenda kwenye banda la rafiki yake Edward Deeds, wanachezea umeme wa magari. Mwaka 1909 wakaanzisha kampuni, Delco, na mfumo wao ukaingia kwenye Cadillac za 1910. Wazo lake lilikuwa cheche moja, safi, kwa wakati mmoja, badala ya mvua. Hakubuni kila kipande. Rota ya kugawa umeme ilikuwepo hata kwenye magneto. Lakini betri, koili moja, pointi na rota vikifanya kazi pamoja, mpango huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1912 Cadillac ikatoka na stata yake ya umeme na jenereta ya kuchaji betri, na hapo hoja ya kuogopa betri kuisha ikafa. Hata Ford mwenyewe, alipoleta Model A mwishoni mwa 1927, aliweka distributa.

Turudi chini ya mwembe. Jumamosi asubuhi tukafungua kofia. Kofia nayo ina magonjwa yake: ufa mwembamba kama unywele, unyevu, vumbi la kaboni. Umeme wa volti elfu kumi na kitu ni mvivu, unatafuta njia fupi, na ufa wenye unyevu ni njia fupi. Mini ya Waingereza ya mwaka 1959 iliteseka sana na hili. Waliigeuza injini, distributa ikaja mbele, nyuma tu ya wavu wa kuingizia hewa, mvua ikawa inapiga pale moja kwa moja. Wenye magari wakawa wanaivalisha distributa glavu ya mpira, kila kidole kimetobolewa kupitisha waya. Picha hiyo nilicheka peke yangu saa saba usiku.

Kofia yetu ilikuwa nzima. Rota nzima. Tukashuka kwenye pointi, na hapo mzee akaniambia nitazame kwa makini nieleze ninachoona, kama mtahini wa vitendo. Nikamwambia: kidole kimoja kina shimo, kingine kina kilima, na vyote vimeungua rangi ya bluu na nyeusi. Akaweka kikombe chini. "Sasa mwambie huyo kijana apige stata, wewe tazama hapo hapo katikati." Kila pointi zilipofunguka, palikuwa na kimwako kikubwa cha bluu pale pale, kati ya vile vidole. Mzee akasema neno moja, "Kondensa."

Kondensa ni kikopo kidogo kuliko kifuniko cha kalamu ya maka, kimefungwa ubavuni kwa skrubu moja. Kazi yake ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Pointi zinapoanza kufunguka, umeme hautaki kukatika. Unaruka pengo, unachoma chuma. Na ukiruka, haujakatwa ghafla, na kama haujakatwa ghafla, koili inatoa cheche yenye njaa. Kondensa inaupokea umeme huo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mpaka pengo liwe pana la kutorukika. Ikifa, pointi zinaungua na cheche inadhoofika, yote kwa mpigo. Na mara nyingi kondensa inayokaribia kufa inafanya kazi ikiwa baridi, inagoma ikipata joto. Dakika kumi zile!

Aliyependekeza jambo hili anaitwa Hippolyte Fizeau, Mfaransa, mwaka 1853, kwa ajili ya koili ya Ruhmkorff. Ndiye huyo huyo aliyepima mwendo wa mwanga mwaka 1849 kwa gurudumu lenye meno. Yaani miaka 33 kabla ya gari la Benz, dawa ya ugonjwa wa gari la babu ilikuwa imeshaandikwa. Nilipomweleza mzee, akauliza, "Huyo Fizeau aliwahi kufungua Volkswagen?" Nikamwambia hapana mzee. "Basi alikuwa na akili sana."

Mchana nikakimbia mjini. Maduka matatu hawana, la nne wakanitolea kondensa mpya ndani ya kiboksi kizuri. Nikarudi nikiwa naimba. Tukapiga pointi msasa laini, tukaziweka pengo la milimita 0.4. Fila geji ya mzee ilishaibiwa, akapima kwa kadi ya mchango wa harusi, na msidhani natania, kadi hiyo ilikuwa bado haijalipiwa. Tukafunga, tukapiga stata, ikawaka! Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Dakika nne baadaye ikaanza kukohoa. Ikazima.

Jamani, nilikaa chini kwenye majani nikalia. Kesho saa nne mnunuzi anakuja. Baba mdogo akanipiga bega, akasema, "Umejaribu, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala.

Mzee hata hakushtuka. Alisema kipya si sawa na kizima, na kwamba vipuri hivi siku hizi vinatengenezwa na watu ambao hawajawahi kusikia gari lenye distributa likiunguruma. Akamtuma binamu nyumbani kwake alete bati la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na skrubu, plagi za zamani, na kondensa tatu alizozing'oa kwenye magari yaliyokufa kabla mimi sijazaliwa. Tukaijaribu moja. Kimwako cha bluu kwenye pointi kikapungua, kikabaki cha kuonekana kwa shida. Nikachomoa waya wa katikati, nikashika kibanio. Safari hii nilisikia mwenyewe mlio wa kijiti.

Ikabaki taimingi, na hapa naomba niwe mrefu kidogo, maana ina historia chungu.

Cheche lazima iruke kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu petroli inachukua muda kuungua, na injini ikikimbia inabidi iwahi zaidi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya dereva. Kwenye Model T kulikuwa na kijiti kushoto kwa usukani cha kuwahisha au kuchelewesha cheche. Ukisahau kuichelewesha kabla ya kuzungusha hendeli, injini inarudi nyuma na hendeli inakuvunja mkono. Baadaye distributa ikapewa vyuma vyenye springi vinavyotanuka kwa mwendo, na kikopo chenye ngozi ya mpira kinachovutwa na hewa ya kabureta, kazi ikatoka kwa dereva. Volkswagen wenyewe walikuwa na ujanja wa ziada: baadhi ya distributa zao zilichelewesha cheche ya silinda namba tatu kwa nyuzi chache, kwa sababu kipozea oili kilikuwa kinaizibia hewa, inapata joto kuliko wenzake.

Sasa uchungu. Cadillac za Kettering zilipoanza kugonga, ule mlio wa ko-ko-ko ukipanda mlima, watu waliisingizia distributa yake. Yeye akawa na hakika kwamba tatizo ni petroli, akamweka msaidizi wake Thomas Midgley alitafute. Desemba 1921 Midgley akagundua kwamba ukitia dawa yenye madini ya risasi, kugonga kunaisha. Februari 1923 ikaanza kuuzwa Dayton. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo kwenye kiwanda kimoja cha New Jersey, wengine wakachanganyikiwa akili. Ikaendelea kuuzwa. Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza Julai 2021. Risasi hiyo inaharibu ubongo wa watoto. Mtu alikuwa anatetea distributa yake isisingiziwe, na katika kuitetea akafungua mlango uliochukua karibu miaka mia moja kuufunga. Nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi na bado sijui nimwekeje Kettering, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyeokoa mikono ya watu na hendeli. Mwalimu wetu mmoja angeniuliza, nitawafundishaje kidato cha pili habari hiyo kwa dakika arobaini?

Taimingi tuliweka kwa sikio. Mzee alisema legeza nati, zungusha distributa taratibu, taratibu, rudisha kidogo, hapo. Injini ikatulia. Iliunguruma dakika 40 kwa saa ya binamu, haikukohoa hata mara moja.

Distributa zenyewe zilianza kuondoka zamani. Chrysler waliondoa pointi kwenye magari yao yote ya Marekani mwaka 1973, transista ikachukua kazi ya kukata umeme. Miaka ya 1980 na 1990 kompyuta ikachukua taimingi, halafu rota na kofia vikaondolewa. Volkswagen ya mgongo wa kobe ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Na kinachonichekesha ni hiki: ukifungua IST yoyote hapo nje ya geti la chuo, utakuta kila plagi ina koili yake juu ya kichwa. Koili nne, silinda nne, kama visanduku vya Model T vya 1908. Tumezunguka tukarudi pale pale, ila safari hii kisanduku kikifa hukifungui, unanunua kingine, na fundi anaambiwa na mashine ni kipi.

Jumapili mnunuzi alifika saa nne kasoro, na lori dogo na watu wawili wa kusukuma. Akakuta gari linaunguruma na bibi amekaa siti ya mbele, kitenge cha kanisani, mkoba magotini. Akasema basi aongeze, laki nane. Baba mdogo akamwambia arudi wiki ijayo, tutazungumza kama familia. Bibi hakuingia kwenye mjadala, alimwambia binamu aondoe gari maana misa ya pili inaanza.

Kwa hiyo bado hatujui. Bati ziko pale pale dukani, masika yanakuja, matairi manne yamekwisha na bima haipo. Hata huko kanisani wamekwenda na kurudi kwa njia za ndani. Baba mdogo anasema gari linalowaka litauzwa milioni kadhaa kwa watu wanaopenda ya zamani, na hilo ni kweli, nami sina jibu. Kikao ni Jumamosi kwa simu. Mimi nimerudi jana na kondensa mbili mfukoni, ile ya zamani iliyokufa na ile mpya iliyokufa, nimeziweka mezani karibu na madaftari. Mwenzangu wa chumba anauliza ni risasi za bunduki au nini.

Haya, ngoja nilale. Kesho nina wasilisho la saa mbili na sijagusa hata ukurasa mmoja.